Sakafu ya Fundi, Ringi ya Shemeji

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, katika mechi ya mwisho ya ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu, mchezaji wa jezi namba kumi na nne alipewa mitupo huru sita, akaingiza mmoja. Karatasi ya matokeo inaonyesha hivyo, na mwenyewe habishi.

Mtupo huru ni zawadi. Ukichezewa vibaya, mwamuzi anakusimamisha mbele ya ringi, wachezaji wengine wanajipanga pembeni, na unarusha bila mtu wa kukusumbua. Watoto wa shule huingiza. Timu yake ilifungwa kwa pointi tatu. Hesabu ya kutoa na kujumlisha kila mtu ukumbini aliifanya mwenyewe, na wengine waliifanya kwa sauti.

Wenzake wanamwita Ngazi. Jina hilo alilipata kazini, si uwanjani. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, ambako mabomba hupita juu ya vichwa vya watu wengine na usawa wa paji lake la uso. Rafu za taulo zinafika dari. Siku ya kwanza msimamizi wa zamu alitafuta kitu cha kupandia, akamwona mfanyakazi mpya ananyoosha mkono na kushusha rundo zima, akasema, "Basi, ngazi tumeletewa." Hiyo ni miaka saba iliyopita. Sasa ana miaka ishirini na tisa, ana mume, na ngazi halisi ya chumba kile iliuzwa.

Urefu ndio uliomwingiza kwenye timu. Kuruka ni habari nyingine. Ngazi huruka kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa anawaza mambo mengine. Mashabiki wa timu pinzani wana wimbo wao kuhusu zege na miguu yake, na wimbo wenyewe, kwa bahati mbaya, una vina vizuri.

Baada ya mechi ile kocha alimwita pembeni. Kocha ni mwalimu wa kemia, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti.

"Msimu ujao nabaki na masenta wawili tu wa kucheza chini ya ringi," alisema. "Mmoja ninaye. Wa pili ni wewe au yule binti wa chuo cha ualimu."

"Yule anayetafuna ubani?"

"Huyo huyo. Anatafuna ubani huku anaruka. Wewe ungeanza kwa kimoja."

"Na mitupo yake huru ikoje, mwalimu?"

"Mibaya. Yako ni mibaya zaidi. Unarusha kwa mikono peke yake, kama mtu anayetupa shuka kwenye beseni. Magoti unayaweka wapi?" Hakungoja jibu. "Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nawapima wote wawili. Kuruka na kutupa. Nenda kafanye kazi."

Hivyo ndivyo mapumziko ya Ngazi yalivyoanza. Alikuwa na karibu miezi minne ya kuokoa nafasi yake, na hakuwa na pa kufanyia mazoezi. Ligi ikiisha, ukumbi wa michezo hukodishwa kwa harusi na mikutano, na ringi zake hufunikwa kwa vitambaa vya mapambo.

Mume wake ni mwashi. Mdogo wa mume, yaani shemeji yake, ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha ya vyuma. Wote wanaishi kwa mama wa hao ndugu wawili, nyumba ya vyumba vinne yenye ua mpana nyuma, na huko ndiko jambo hili lilikopata ufumbuzi, kisha tatizo, kisha ufumbuzi mwingine.

Shemeji ndiye aliyejitolea kwanza. "Shemeji, ringi ni bomba la duara na nguzo. Mimi nachomelea mageti yenye maua na simba. Nitashindwa na duara?"

Hakushindwa. Alitafuta vipimo kwenye simu, akakunja chuma, akakata ubao wa plaiwudi na kuupaka rangi nyeupe. Alisimamisha nguzo uani, akaijazia zege chini, akapima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye ringi: mita tatu na sentimita tano, kama sheria za mchezo zinavyotaka. Alipima mara ya pili mama yake akishika ncha ya chini ya futi. Mara ya tatu alipima kwa sababu alipenda kuisoma ile namba.

Tatizo lilikuwa ardhi yenyewe. Mpira haudundi kwenye udongo laini. Ngazi aliudundisha mara moja, ukakaa palepale ulipoangukia. Mvua iliponyesha mambo yakawa mabaya zaidi. Kila mtupo uliokosa ringi ulirudi na tope, na mama mkwe, ambaye kamba yake ya nguo ilipita karibu, alisema hana kinyongo na michezo ila anaomba shuka zake zisifanywe wavu.

Mwisho wa Juni Ngazi alikwenda kumuuguza dada yake kwa siku chache. Aliporudi alimkuta mume wake amesimama uani, mikono mgongoni, akijifanya anatazama mawingu. Ua wote ulikuwa sakafu ya zege. Laini, ya kijivu, imepigwa mwiko hadi inang'aa, na mstari wa mitupo huru umechorwa kwa rangi nyekundu.

"Weka gololi popote," mume alisema. "Ikibingirika, niite mimi si fundi."

Ngazi aliweka mpira badala ya gololi. Haukubingirika. Alimkumbatia mumewe akamwinua, jambo ambalo mume huyo amelizoea lakini hapendi lifanyike mbele ya mdogo wake.

Kuanzia hapo ratiba yake haikuwa na siri. Asubuhi alipanda na mizigo ya mashuka kwa ngazi za hoteli badala ya lifti, hadi ghorofa ya juu kabisa. Kwenye mashine ya kupigia pasi, ile yenye roli mbili ndefu za moto ambazo humeza shuka upande mmoja na kulitema kavu upande wa pili, alisimama kwenye ncha za vidole vya miguu zamu nzima. Mwenzake wa kukunja naye shuka alilalamika.

"Shuka lako liko mawinguni, langu liko tumboni. Tunakunja nini hapa, hema?"

"Najenga misuli ya mashavu ya miguu, dada."

"Jenga nyumbani kwako. Hapa shusha shuka."

Jioni aliruka kamba, akaruka kwenye benchi na kushuka, akarusha mpira mpaka mama mkwe alipowasha taa ya jikoni, ishara kwamba chakula kiko tayari na kelele zimetosha. Mitupo ilianza kuingia. Si yote, lakini mingi kuliko ilivyowahi, na aliingiza kwa mikono ileile, magoti yakiwa yamenyooka kama ya askari wa gwaride. Hakuona sababu ya kuyasumbua.

Kisha, siku moja katikati ya Agosti, aliruka akagusa ringi.

Hakuwa amewahi kugusa ringi maishani. Aliruka tena kuhakikisha, akagusa tena, safari hii kwa vidole viwili, na ringi ikatoa mlio. Ukelele alioupiga uliwatoa majirani wa pande mbili. Mama mkwe alitoka na mwiko wa kupikia mkononi, akidhani kuna nyoka.

"Nimegusa, mama! Nimegusa!"

"Umegusa nini, mwanangu? Umeumwa?"

"Ringi!"

Mama mkwe aliitazama ringi, akamtazama mkwe wake, akasema neno ambalo familia inalirudia hadi leo: "Kwani ulikuwa hugusi?"

Wiki ile Ngazi alitembea tofauti. Pale kazini msimamizi wa zamu alitangaza habari kupitia kipaza sauti cha ndani, ambacho kwa kawaida hutumika kuuliza funguo za stoo ziko wapi. Mume aliwaambia wateja. Shemeji aliwaambia watu wasio wateja. Na Ngazi mwenyewe, usiku ule ule wa kwanza, alimwandikia kocha ujumbe wa maneno mawili: "Nimegusa ringi." Jibu la kocha lilikuwa fupi vilevile: "Njoo uoneshe." Ahadi ikawa imetoka, na haikuweza kurudishwa.

Aliyeharibu sherehe ni mchezaji mwenzake, yule anayeongoza mashambulizi ya timu. Wanamwita Kisoda, kile kizibo cha chupa ya soda, kwa kuwa ni mdogo, ana meno ya mbele yenye nafasi, na ukimkanyaga unaumia wewe. Alikuja Jumapili moja, mwanzoni mwa Septemba, kumsalimia mgonjwa aliyeishi jirani, akapitia uani kuiona hiyo ringi iliyosifiwa.

Walicheza kidogo. Mume na shemeji walikaa kwenye benchi wakitazama, mama mkwe alikuwa kizingitini anachambua mchele. Kisoda aliruka kudaka mpira uliorudi, na vidole vyake vikapita kwenye nyuzi za chini za wavu.

Alisimama. Aliutazama mkono wake kana kwamba umeazimwa.

"Subiri," alisema. "Nimegusa wavu."

"Hongera!" alisema Ngazi.

"Usinipe hongera. Mimi nina miaka kumi na mbili kwenye mchezo huu na wavu nauona kama watu wanavyoona mwezi. Sijafanya mazoezi tangu Juni. Nimekula, nimelala, nimenenepa. Nimegusaje wavu?"

Alirudi nyuma hatua mbili, akaikazia macho ringi.

"Ama mimi nimerefuka," Kisoda aliendelea, "ama hii ringi imechoka ikakaa chini. Nani ana futi?"

Katika nyumba ya mwashi na mchomeleaji hukosi futi. Zilitoka mbili kwa pamoja. Shemeji alipanda kwenye benchi, mume akashika ncha ya chini. Futi ilisoma mita mbili na sentimita tisini na tatu.

Wa kwanza kusema alikuwa shemeji, na alisema kwa haraka ya mtu anayejua kesi inakuja kwake. "Nguzo yangu haijashuka. Nguzo yangu iko palepale. Mama alishika futi, muulizeni."

"Nilishika," alisema mama mkwe.

"Hakuna aliyesema imeshuka," alisema mume.

"Basi nini?"

Mume alitazama chini. Aliigonga sakafu kwa kisigino, taratibu. Kaka mtu alikuwa ameelewa, na uso wake ulikuwa wa fundi aliyekuta mlango alioupachika unafungukia ukutani.

"Ulipima kutoka wapi?" aliuliza.

"Ardhini. Ningepimia wapi, angani?"

"Ardhi ipi?"

"Ardhi! Udongo! Hii ya..." Shemeji naye alitazama chini. Udongo alioupimia ulikuwa chini ya sentimita kumi na mbili za zege bora kabisa.

Kisoda alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Kisha mama mkwe, aliyekuwa hajaelewa yote lakini alipenda sura za wanawe, akacheka naye mchele ukimwagika. Ndugu wawili waliendelea kubishana kuhusu nani alipaswa kumwambia nani.

"Ungeniambia unamwaga sakafu nene hivyo!"

"Ulitaka nimwage ya karatasi? Ipasuke?"

"Ningeongeza nguzo!"

"Mimi nilidhani umeacha nafasi!"

"Nafasi ya nini, kaka? Ya mshangao?"

Ngazi hakucheka. Alikuwa anaihesabu miezi yake. Hakuwahi kugusa ringi. Sakafu ndiyo iliyompandisha. Mitupo yake iliingia kwa sababu ringi ilikuwa karibu na mikono yake mivivu. Amemwandikia kocha. Zamu zimetangaziwa. Zimebaki wiki nne, na mwili wake umejifunza kwa bidii kubwa urefu usiokuwepo popote duniani isipokuwa uani kwao. Alisema anakwenda kuoga, na alioga kwa muda mrefu.

Kuinua nguzo hakukuwezekana. Shemeji aliichunguza jioni nzima. Zege la msingi na zege la sakafu vilikuwa vimeshikana kuwa kitu kimoja, na ubao ulikuwa umechomelewa, haukufungwa kwa skrubu. "Nilitaka isitikisike," alisema kwa unyonge. Kukata na kuunga upya kungehitaji bomba la unene uleule, ambalo muuzaji alisema lingefika mwezi unaofuata.

Asubuhi, Ngazi aliamshwa na mlio wa nyundo. Alitoka nje akamkuta mume wake amepiga magoti kwenye mstari mwekundu, patasi mkononi, anaivunja sakafu yake.

Hakuwa anavunja ovyo. Alikuwa amechora mraba mbele yake, upana wa mtu kusimama miguu ikiwa imetanuka, na anaukata kwa kingo zilizonyooka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

"Sakafu nimeipata uzeeni! Wiki kumi sijakanyaga tope, leo unalirudisha?"

"Ni kipande tu, mama."

"Kwa ajili ya mpira?"

"Kwa ajili ya mkweo."

Mama mkwe alishusha mikono. "Basi kata vizuri," alisema. "Usije ukanipasulia na upande wa kamba yangu."

Mantiki ya mume ilikuwa ya mwashi kabisa. Ringi haipandi, mrushaji atashuka. Akisimama ndani ya shimo, juu ya udongo uleule ambao mdogo wake aliupimia, ringi iko mita tatu na sentimita tano juu yake, na sheria imetimia. Kufikia mchana alikuwa amemaliza shimo la pili, refu kama jeneza, chini ya ringi, la kurukia. Kingo zote alizipiga lipu.

"Mwashi anayeharibu kazi yake halafu anaipiga lipu," alisema shemeji. "Hii sijawahi kuona."

"Wewe shika chepeo."

Ngazi aliingia kwenye shimo la mraba. Alirusha. Mpira haukufika hata kwenye ringi. Alirusha tena, ukagonga chuma cha mbele na kumrudia kifuani. Mikono peke yake haikutosha tena, na shimo, tofauti na kocha, halikuchoka kumwambia. Siku ya tatu magoti yalianza kukunjika yenyewe. Siku zilizofuata alikunja, akanyooka, akaachia, mwendo mmoja kutoka kwenye udongo hadi kwenye vidole, na mpira ukapanda juu kuliko ulivyowahi kupanda, ukashuka ndani ya wavu bila kugusa chuma.

Mvua ikinyesha mashimo yalijaa maji, na mume aliyakausha kwa ndoo kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe alihamishia kiti chake uani, akawa mwamuzi asiyeombwa. Mtupo ukikosa alisema, "Goti!" Hata mkwe wake alipokosea chumvi jikoni alisema, "Goti!"

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ukumbi ulikuwa umeondolewa mapambo. Kocha alikaa na filimbi shingoni. Kisoda alikuja bila kuitwa, ikaja pia karibu nusu ya timu, kwa kuwa habari ya sakafu ilikuwa imekwishafika.

Binti wa chuo aliruka kwanza. Aligusa ringi kwa kiganja kizima na ubani mdomoni. Ngazi aliruka mara tatu. Mara ya tatu aliikosa ringi kwa upana wa kucha.

"Uliniandikia umegusa," alisema kocha.

"Niligusa, mwalimu. Sakafu ilikuwa imepanda."

"Sakafu ilifanya nini?"

Ilibidi Kisoda aeleze, kwa sababu Ngazi hakuweza kumaliza. Alieleza kwa vitendo, akiigiza ndugu wote wawili na mama yao, na kocha, ambaye timu nzima haikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma, aliyaonesha. Alifuta macho. Kisha akasema tu kwamba mwaka jana, mahali pale pale, kati ya vidole vya Ngazi na ringi ungepita mkono mzima.

Mitupo huru ilifuata. Binti aliingiza minne kati ya kumi. Ngazi alisimama kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima hapakuwa na kingo za zege pande zake. Alisita, akitafuta pa kuweka miguu, na mtupo wa kwanza ukaenda kushoto.

"Goti!" sauti ilisema kutoka kwenye viti vya juu. Mama mkwe alikuwa amekuja na wanawe wote wawili, amevaa nguo za sherehe.

Ngazi alikunja magoti. Uliingia. Na uliofuata, na uliofuata. Alipomaliza alikuwa ameingiza minane, na shemeji alikuwa amempiga mume mgongoni hadi mume akahama kiti.

Kocha hakutoa hotuba. Aliandika, akainuka, akasema mbele ya wote, "Ngazi ni senta wangu wa pili. Binti, wewe utafanya mazoezi na sisi, nafasi yako itakuja. Una miguu. Mikono utaitafuta."

Ngazi aliruka juu kwa furaha, na waliokuwepo wanasema hapo ndipo aliporuka juu kuliko mara zote, ila hakuwa chini ya ringi ya kupimia. Mume alishuka ngazi za ukumbi mbili mbili. Mama mkwe alitaka kujua kama kuna kombe.

Walipokuwa wanatoka, binti wa chuo alimfuata mlangoni. Alikuwa ametema ubani.

"Dada, samahani. Naweza kuja kusimama kwenye hilo shimo lenu?"

"Unataka kuja lini?"

"Jumatatu."

"Njoo Jumatatu. Mama mkwe anapiga kelele lakini hang'ati."

"Nimesikia," alisema mama mkwe.

Bomba la shemeji limefika, lakini familia imekubaliana kisikatwe kitu kwa sasa. Ligi inaanza Jumamosi, tarehe 2 Novemba, saa kumi jioni. Ngazi ataanzia benchi, na kocha amesema atamwingiza katika robo ya pili.